Makaa ya Mawe Huoshwa kwa Nini?



Kijana mmoja anayesomea ufundi ametuuliza jambo lililomshangaza darasani. Amesoma ya kwamba katika nchi nyingi makaa ya mawe huoshwa kabla ya kupelekwa kwenye viwanda vya umeme. «Makaa ni meusi», anasema, «nayo yatatiwa motoni yawe majivu. Ya nini kuyaosha? Ni sawa na kumwogesha mbuzi anayepelekwa kuchinjwa.» Neno lake limetuchekesha, lakini swali ni zuri, na jibu lake ni refu kuliko linavyoonekana.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Makala tunayopikia nyumbani hutoka katika miti. Miti hukatwa, hupangwa, hufunikwa udongo na kuchomwa polepole. Makaa ya mawe ni kitu kingine. Nayo pia yalikuwa miti na majani, lakini ni miti ya zamani mno, iliyoanguka katika mabwawa, ikafunikwa na matope na mchanga, ikakandamizwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka hata ikageuka kuwa mwamba mweusi unaowaka. Kongo yetu inayo makaa hayo, huko Luena upande wa Bukama, na katika bonde la Lukuga karibu na Kalemie. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 250. Makaa ya Hwange katika Zimbabwe ni ya zama zilezile, kadhalika makaa ya Afrika ya Kusini na ya India, maana katika siku zile nchi hizo zote zilikuwa zimeshikamana katika bara moja kubwa. Wazee wengi wa Lubumbashi walisikia kwa baba zao habari za koki ya Wankie, ndiyo Hwange ya leo, iliyoletwa kwa reli kuyeyushia shaba.

Sasa fikirini bwawa lile la kale. Miti inaanguka, majani yanaoza, mto unafurika na kuleta matope. Matope yanatulia juu ya majani. Kisha majani mengine yanaanguka juu ya matope. Hivyo tangu mwanzo udongo uliingia ndani ya makaa, pengine kwa matabaka yanayoonekana kwa macho, pengine kwa vumbi laini lililochanganyika nayo kama chumvi katika unga. Maji yaliyopita humo yaliacha madini mengine, hasa piriti, yaani chuma kilichoungana na kiberiti. Piriti hung'aa kwa rangi ya manjano, na watu wengi wasiojua wameidhania kuwa dhahabu. Mwishowe akaja mchimbaji na mashini yake. Tabaka la makaa likiwa jembamba, mashini haiwezi kukata makaa matupu; hukata pia jiwe la juu na jiwe la chini. Yote hupanda pamoja katika gari moja, nayo yote huitwa makaa.

Jiwe haliwaki. Likitiwa motoni hubaki kuwa majivu. Makaa yaliyo bora sana huacha majivu chini ya 10 kwa mia. Makaa mengi ya India huacha 35, 40, hata 45 kwa mia. Haya, na tufanye hesabu ambayo watoto wa shule ya msingi wanaiweza. Garimoshi lililobeba tani 4,000 za makaa yenye majivu 40 kwa mia limebeba tani 1,600 za kitu kisichowaka. Likisafiri kilometa 1,000, limetumia nguvu yake kuyachukua mawe safari hiyo yote, na mwisho wa safari mawe yatatafutiwa mahali pa kutupwa.

Tena jiwe halikai kimya ndani ya kiwanda. Katika kiwanda cha umeme makaa husagwa kwanza hata yawe laini kama unga wa muhogo, kisha hupulizwa kwa hewa ndani ya tanuru lenye urefu wa kupita mnara wa kanisa. Humo unga huwaka ungali hewani. Kuta za tanuru zimejaa mabomba ya maji. Maji huchemka, mvuke husukuma magurudumu ya mtambo, na mtambo huzaa umeme. Basi mawe yaliyosagwa pamoja na makaa hula vyuma vya kinu cha kusagia. Yakisha kupita motoni huruka pamoja na moshi na kuyasugua mabomba kama mchanga unavyosugua sufuria. Sehemu nyingine huyeyuka kwa joto, hunata juu ya mabomba na kuganda kuwa gamba gumu, na joto halifikii tena maji vizuri. Siku moja bomba linatoboka. Kiwanda kinazimwa, mafundi wanangoja tanuru lipoe, na mji unakaa gizani. Mhasibu aliyefurahi kununua makaa ya bei rahisi sasa analipa mara ya pili.

Piriti ina ubaya wa namna nyingine. Kiberiti chake huungua na kuwa hewa kali inayochoma koo na kifua. Hewa hiyo ikikutana na unyevu wa mawingu hurudi chini kama mvua yenye asidi, ikaua samaki wa maziwa na kudhoofisha misitu. Watu wa London waliijua hewa hiyo Desemba 1952. Kwa siku tano ukungu ulifunika mji, moshi wa makaa ya majumba na wa viwanda ukakosa pa kutokea, na hesabu ya kwanza ilitaja watu wapatao 4,000 waliokufa. Uchunguzi wa baadaye umeipandisha hesabu hiyo hata karibu 12,000. Mwaka 1956 bunge la Uingereza lilitunga sheria ya hewa safi. Zaidi ya kiberiti, makaa huchukua pia zebaki na arseniki kwa kiasi kidogo sana. Lakini kwa kiwanda kinachochoma mamilioni ya tani kila mwaka, kidogo hicho si kidogo tena.

Hiyo ndiyo sababu ya kuosha. Namna yenyewe ya kuosha, akina mama wataielewa upesi kuliko wanafunzi. Mama anapoosha mchele hatumii sabuni. Hutia maji, hutikisa, makapi yanaelea naye anayamwaga; kisha huumimina mchele polepole katika chombo kingine, na mchanga ulio mzito unabaki chini. Wachimbaji wa dhahabu wa Ituri na wa kasiteriti wa Maniema hufanya kazi hiyohiyo mtoni kwa karai. Kazi hii yote ni ya uzito. Chombo kinachojaa kwa kilo moja ya maji, kama kingejazwa makaa safi yaliyoshikamana bila nafasi, kingebeba kilo 1.3 hivi, kikijazwa mwamba wa udongo, kilo 2.2 hadi 2.6, kikijazwa piriti, kilo 5. Tofauti hiyo ndiyo mlango ambao fundi hupitia.

Njia iliyo ya zamani ni sanduku kubwa lenye sakafu ya matundu, ambamo maji hupandishwa na kushushwa mara nyingi kila dakika. Maji yanapopanda, vipande vyote huinuka. Yanaposhuka, jiwe hutangulia kutua na makaa hufuata. Baada ya muda mfupi mawe yamejipanga chini na makaa yako juu, nayo huondolewa kila moja kwa mlango wake. Mwaka 1892 Mjerumani Fritz Baum alibuni kuyasukuma maji hayo kwa hewa iliyoshindiliwa, na mashini za jina lake zikaenea.

Njia ya pili ina akili zaidi. Watoto na wajaribu nyumbani: yai bichi likitiwa katika maji matupu huzama, chumvi nyingi ikiyeyushwa katika maji yaleyale, yai hupanda na kuelea. Yai halikubadilika, maji ndiyo yaliyokuwa mazito. Basi, tukipata maji yaliyo mazito mara moja na nusu kuliko maji ya mto, makaa yataelea na jiwe litazama lenyewe. Chumvi haiwezi kuyafikisha maji kwenye uzito huo. Mafundi hutumia magnetiti, jiwe jeusi la chuma linalovutwa na sumaku. Huisaga laini mno na kuichanganya na maji yanayotembea daima ili isitulie, na mchanganyiko huo hufanya kazi kana kwamba ni maji mazito. Uzuri wake waonekana mwishoni. Makaa yaliyotoka hunyunyiziwa maji safi, na maji hayo hupitishwa penye sumaku. Sumaku huikamata karibu magnetiti yote, nayo hurudishwa kazini. Sisi tumevipenda vyombo hivi viwili, yai na sumaku, kwa kuwa mwalimu anaweza kuvionyesha darasani bila gharama.

Katika miaka ya 1940 Waholanzi wa machimbo ya serikali yao waliongeza jambo jingine. Walichukua chombo chenye umbo la faneli, wakaingiza mchanganyiko ule kwa nguvu kutoka ubavuni ili uzunguke kwa kasi. Mawe hutupwa ukutani na kutokea tundu la chini. Makaa hubaki katikati na kutokea juu. Kwa mzunguko huo hata vipande vidogo, ambavyo vingekawia sana kuzama, hutengwa kwa sekunde chache. Chombo hicho huitwa sikloni, na leo chaonekana katika viwanda vingi vya kuoshea makaa.

Linabaki vumbi, lililo chini ya nusu milimeta. Hapa watu wa Kolwezi na wa Kipushi watatabasamu, maana kazi hii ni ndugu ya kazi yao. Vumbi la makaa hutiwa katika birika la maji pamoja na mafuta kidogo na dawa ya kufanya povu, kisha hewa hupulizwa chini. Makaa kwa tabia yake huyakimbia maji na kuyapenda mafuta. Hushikamana na viputo vya hewa, hupanda navyo, na povu jeusi hukombwa juu. Udongo unaopenda maji hubaki chini. Mashaba ya Kolwezi yaliyo katika mawe ya kijani hayana tabia hiyo, yakahitaji kushawishiwa, na mafuta ya mawese yetu ndiyo yaliyotumika kuyashawishi. Makaa hayahitaji kubembelezwa hivyo.

Lakini msidhani ya kuwa makaa yoyote yakioshwa yatatakata. Kabla ya kujenga kiwanda, fundi mwenye busara huchukua vipande vya makaa na kuvitia katika ndoo za vimiminiko vyenye uzito mbalimbali, kuanzia kilicho chepesi hata kilicho kizito. Katika kila ndoo hupima kilichoelea na kilichozama, na majivu ya kila fungu. Makaa mengine hugawanyika vizuri: haya ni makaa, haya ni mawe, na katikati hakuna kitu. Makaa ya India, pamoja na mengi ya Afrika yetu, hayagawanyiki hivyo. Udongo umeingia ndani yake kwa vumbi laini, na sehemu kubwa ya vipande ina uzito wa katikati, nusu makaa nusu jiwe. Ukivitupa vipande hivyo, umetupa moto pamoja na jiwe. Ukivihifadhi, umehifadhi jiwe pamoja na moto. Unaweza kusaga zaidi ili uvitenganishe, lakini kusaga kuna gharama, na makaa laini hushika maji mengi. Maji hayo yakifika tanuruni hula joto kabla ya kugeuka mvuke, hivi kwamba mtu aliyeondoa jiwe anajikuta ameuza maji.

Kiberiti nacho ni cha namna mbili. Kile cha piriti huweza kuondoka kwa sehemu, kwa kuwa piriti ni nzito. Kile kingine kimefungamana na makaa yenyewe tangu yalipokuwa majani, na hakuna kuosha kwa maji kunakokiondoa. Kwa hiyo viwanda vingi hujenga karibu na bomba la moshi mtambo wa kunyunyizia maji ya chokaa. Chokaa hukikamata kiberiti na kugeuka jasi, ile inayotumika kwa kuta na dari za majumba. Majivu yanayoruka hukamatwa kwa mabamba yenye umeme, ambayo yakitunzwa vizuri hunasa zaidi ya 99 kwa mia. Vyombo hivi havifuti faida ya kuosha, wala kuosha hakuvifanyi kuwa vya bure. Kila kimoja hufanya kazi ambayo kingine hakiwezi.

Yafaa tuseme neno pia juu ya jina la «makaa safi», ambalo wafanyabiashara hulipenda sana. Kinachowaka katika makaa ni kaboni hasa. Kila tani moja ya kaboni ikiungua kabisa huzaa tani 3.67 za ile hewa ya kaboni inayoongeza joto la dunia, na tani hiyo iwe imeoshwa ama haikuoshwa ni mamoja. Makaa yaliyooshwa huungua vizuri zaidi, mawe hayasafirishwi bure, na kwa hiyo umeme uleule hupatikana kwa moshi pungufu kidogo. Hiyo ni faida ya kweli, nayo inatosha kusemwa jinsi ilivyo. Mtu akiongeza zaidi ya hapo, anauza jina.

Afrika ya Kusini ndiyo inayochimba makaa mengi kuliko nchi zote za bara letu, na huko tunaona jambo la kufikirisha. Katika machimbo mengi ya Mpumalanga, kuzunguka mji wa Witbank ambao tangu 2006 huitwa eMalahleni, maana yake mahali pa makaa, kuosha hufanywa mara mbili. Mara ya kwanza hutoka makaa bora yenye majivu machache. Hayo hupanda reli kwenda bandari ya Richards Bay, iliyofunguliwa 1976 kwa kazi hiyo, na kutoka hapo huenda ng'ambo. Yaliyozama huoshwa tena kwa maji mazito zaidi, na fungu la katikati, lenye majivu mengi, hupelekwa kwenye viwanda vya umeme vya nchini. Kwa mhandisi huo ni mpango mzuri, kwa kuwa viwanda vile vilijengwa makusudi kuchoma makaa duni, tena vimesimama karibu na machimbo. Kwa mama anayeanika nguo za watoto wake karibu na bomba la moshi, hesabu ni nyingine. Kwa miaka mingi sana viwanda hivyo vilifanya kazi bila mtambo wa kukamata kiberiti. Cha kwanza kuwekewa kilikuwa Kusile, ambacho tanuru lake la kwanza lilianza kazi rasmi mwaka 2017.

Tumesema habari za makaa yanayotoka safi. Sasa tuulize: uchafu huenda wapi? Mawe makubwa hurundikwa. Matope meusi, yaani maji yenye udongo na vumbi la makaa, hayarundikiki, hutaka ziwa. Na pale penye milima mikali, ziwa hilo hufanywa kwa kuziba bonde juu ya makao ya watu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika bonde la Buffalo Creek, jimbo la West Virginia, Marekani. Bonde ni jembamba, na vijiji vya wachimbaji vilipangwa mmoja baada ya mwingine kando ya kijito. Kampuni yenye machimbo ilikuwa na kiwanda cha kuoshea makaa, na mawe yaliyotoka humo ilikuwa ikiyamwaga juu bondeni kuwa ukuta wa kuzuia maji machafu. Ukuta huo haukujengwa kwa udongo ulioshindiliwa na kupimwa. Ulikuwa takataka zilizomwagwa juu ya matope ya zamani, wala haukuwa na mfereji wa kufaa wa kupunguzia maji. Mvua ilinyesha siku kadhaa. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 26 Februari 1972, kama saa mbili kwa saa zetu, ukuta ulibomoka. Maji meusi yapatayo lita milioni 500 yalishuka bondeni, yakachukua nyumba, makanisa, madaraja na magari. Watu 125 walikufa. Zaidi ya 1,000 waliumia, na katika wakaaji 5,000 hivi wa bonde lile, zaidi ya 4,000 walibaki bila makao. Siku nne tu kabla yake mkaguzi wa serikali alikuwa amelipita bwawa hilo na kuliona kuwa la kuridhisha.

Wakubwa wa kampuni walisema ya kwamba lilikuwa tendo la Mungu. Tumelisoma neno hilo mara kadhaa, nalo limetuudhi kila mara. Mvua ni ya Mungu; takataka zilizorundikwa bondeni bila mfereji zililetwa kwa magari, na madereva walilipwa mshahara. Waliookoka hawakulikubali neno lile. Mamia yao walikwenda mbele ya hakimu pamoja, na mwaka 1974 kampuni ilikubali kuwalipa dola milioni 13.5. Maji yakimwagika hayazoleki, wala fedha hiyo haikurudisha vijiji. Watu wengi waliwekwa katika nyumba za muda mbali na jirani zao wa zamani, na waganga waliowachunguza walikuta hofu ya mvua na kukosa usingizi miaka baadaye.

Ulaya nayo ilikuwa imekwisha kuonywa. Tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan, Wales, rundo la takataka za mgodi lililowekwa juu ya chemchemi liliteremka likafunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Ndani ya rundo hilo yalikuwamo matope laini ya usafishaji wa makaa pamoja na mawe ya kawaida. Baraza la uchunguzi lilitaja wazi wenye lawama, ambao ni wakubwa wa shirika la serikali la makaa. Baadaye sheria zilikazwa huku na huku, mabwawa yakaanza kuchorwa na wahandisi na kupimwa. Hata hivyo tarehe 11 Oktoba 2000, katika wilaya ya Martin, Kentucky, sakafu ya bwawa moja la matope ya makaa ilitoboka juu ya mgodi wa zamani, na lita zaidi ya bilioni moja zikamwagika mitoni. Safari hiyo hakuna mtu aliyekufa, ila samaki walikufa katika mito kwa kilometa nyingi, na miji ya chini ikakosa maji ya kunywa.

Basi tukirudi India tutaelewa kwa nini jambo linaloonekana jepesi limewagawanya watu wenye akili. Mwaka 1997 serikali ya nchi hiyo iliamuru ya kwamba viwanda vya umeme vilivyo zaidi ya kilometa 1,000 kutoka mgodini, pamoja na vile vilivyo karibu na miji mikubwa au mahali penye hewa chafu, visichome makaa yenye majivu kupita 34 kwa mia. Amri hiyo ilianza kushika kazi Juni 2001. Mwaka 2014 umbali ulipunguzwa kuwa kilometa 750, na baadaye 500. Viwanda vya kuoshea vilijengwa karibu na machimbo, na reli ikapunguziwa mawe.

Mei 2020 serikali iyo hiyo iliifuta amri. Sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Ilisema ya kuwa majivu hayapungui kwa kuosha, bali hugawanywa mahali pawili: mengine yabaki kiwandani kwa umeme, mengine yabaki katika mabaki ya kuoshea. Mabaki hayo yana makaa bado, kwa hiyo wafanyabiashara huyanunua na kuyachoma katika viwanda vidogo visivyo na vyombo vizuri vya kukamata moshi. Ikiwa kiwanda kikubwa kina mabamba ya umeme na mahali pa kuhifadhia majivu, heri yote yachomwe hapo. Zaidi ya hayo, kuosha hutumia maji katika sehemu ambazo visima hukauka wakati wa kiangazi, na umeme hupanda bei.

Waliopinga nao walikuwa na hoja. Walisema ya kuwa mabaki yaweza kuchomwa vizuri katika matanuru ya mchanga unaopulizwa kwa hewa, pamoja na chokaa, kandokando ya mgodi wenyewe, na hivyo uchafu usisafiri. Walisema pia ya kuwa si kila kiwanda cha umeme kina vyombo vinavyotajwa kwenye karatasi, na kwamba mabwawa ya majivu yamevunjika mara nyingi na kumwagikia mashamba. Sisi tukiwasoma wote wawili, twaona kwamba upande wa serikali una haki katika fizikia: jiwe halipotei. Upande wa pili una haki katika jambo jingine, maana aliyechimba jiwe ndiye aliyekuwa na nafasi ya kulirudisha katika shimo alimolitoa. Likisha kupanda reli, nafasi hiyo imekwisha. Jiwe limesagwa kuwa vumbi laini, nalo ni gumu kulikamata na gumu kulilaza.

Kwetu Kongo umeme hutoka hasa katika maporomoko ya maji, tangu Mwadingusha mwaka 1930 hata Inga ya kwanza mwaka 1972 na ya pili mwaka 1982, na kwa hiyo wengi wetu hatujaona kiwanda cha umeme cha makaa. Makaa ya Luena na ya Lukuga yana majivu mengi, na viwanda vya shaba vilitafuta koki mbali. Mtu akileta siku moja mpango wa kuyachoma, jaribio la ndoo tulilolieleza laweza kufanyika katika chumba kimoja cha shule ya ufundi, kwa mizani nzuri, jiko la kuchomea majivu na vimiminiko vichache, kabla hajanunua hata tofali moja.

Huko India viwanda vingine vimeendelea kuosha kwa hiari, pale hesabu ya reli inapowalazimu. Vingine vimeacha. Baada ya amri ya Mei 2020, lile garimoshi letu la tani 4,000 laweza kusafiri kilometa 1,000 na tani zake 1,600 za mawe, na hakuna askari wa kulisimamisha.